Tangi lisilotiwa kaboni si tangi lisilo na kaboni

"Sasa hiyo mimea inakula nini?" Mama mmoja alimwuliza hivyo muuzaji wa samaki wa mapambo hapa Kisumu Jumamosi iliyopita, na swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu alilopewa. Alikuwa ameambiwa kwamba lile ni tangi lisilo na kaboni, na kwamba mimea yake ni ya aina isiyohitaji kaboni. Hakuna mmea wa aina hiyo.

Maana ya tangi lisilotiwa kaboni ni fupi. Ni tangi la samaki lenye mimea hai ambalo mwenyewe hakulifungia mtungi wa gesi ya kaboni dayoksaidi. Mimea hutumia gesi iliyomo: inayoingia kutoka hewani, inayotolewa na samaki wakipumua, na inayotolewa na bakteria wanaoozesha mabaki ya chakula na udongo wa chini.

Kinachoniumiza ni kwamba Kiswahili kilishatupa njia ya kusema jambo hili sawasawa, nasi tumeiacha. "-siyo na" na "-siyotiwa" ni vitu viwili. Ukiomba maziwa yasiyotiwa sukari, hakuna anayedhani umeletewa maziwa yasiyo na sukari, maana maziwa yana sukari yake tangu kwa ng'ombe. Tangi nalo ni hivyo hivyo. Maji yaliyoachwa wazi hewani, yenye joto la nyuzi 25 hivi, hushika zaidi kidogo ya nusu miligramu ya gesi hiyo kwa kila lita. Anayetumia mtungi kwa kawaida hulenga miligramu 20 hadi 30. Tofauti ni kubwa, lakini kidogo si hakuna.

Halafu kuna neno lenyewe. Kaboni limetokana na Kilatini carbo, yaani makaa. Wanaoiita gesi hiyo hewa ukaa wamepita njia ile ile kwa Kiswahili chetu: kaa la moto, makaa, ukaa. Hiyo ni hewa yenye makaa ndani yake, ila huyaoni. Mmea huivuta, huyabakiza makaa na kujijengea jani, shina na mzizi. Ukikausha jani lolote, kiasi cha asilimia 40 ya uzito wake ni kaboni. Kila gunia la makaa linaloshushwa sokoni Kibuye lilikuwa hewa kabla halijawa mti. Kwa hiyo tangi lisilo na kaboni kwa maana kamili ya maneno hayo halina jani, halina samaki, halina hata kipande cha gogo cha kupambia. Ni kioo, maji na mchanga.

Hapo ndipo mtu hunionyesha gugumaji. Mbona lenyewe lilifunika Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria miaka ya 1990 bila mtungi wa mtu? Ni kweli, na sababu yake inafundisha. Majani ya gugumaji yako juu ya maji, kwa hiyo linavuta kaboni moja kwa moja hewani, kama mahindi. Mmea uliozama kabisa hauna bahati hiyo, kwa sababu ndani ya maji gesi husafiri polepole kiasi cha mara 10,000 kuliko hewani. Ndiyo maana mimea inayofaa tangi lisilotiwa kaboni ni ile isiyo na haraka: anubiasi, ambayo asili yake ni Afrika Magharibi na hutoa jani moja baada ya muda mrefu, au kriptokorini ya Asia. Ipo pia iliyojifunza ujanja mwingine. Seratofilumu, inayomea hapa hapa ziwani, na valisineria huweza kuchukua kaboni kutoka kwenye bikaboneti iliyoyeyuka majini. Bikaboneti hiyo imo pia katika magadi tunayotia kwenye mrenda (lakini tafadhali msiyatie tangini, samaki watakufa).

Kosa hili la neno lina gharama. Aliyeambiwa mimea yake haihitaji kaboni hufikiri kilichobaki ni mwanga tu, basi hununua taa kali na kuiwasha kutwa. Mwanga unaita ukuaji, ukuaji unataka kaboni, na kaboni ni ile kidogo. Mimea inakwama, mwani unachukua nafasi, na baada ya wiki chache kioo ni kijani na mtu anasema mimea hai ni ya matajiri. Angejua kwamba kaboni ipo ila ni haba, angewasha taa ya wastani kwa muda wa saa 6 hadi 8 kila siku, angeweka udongo chini ya mchanga, na angekuwa na subira.

Kaka yangu wa lile duka, sikukusahihisha mbele ya mteja wako, na samaki wako nimeona ni wazima, unawatunza vizuri. Ila kwenye kile kibao cha katoni futa "lisilo na", uandike "lisilotiwa". Na yule mama akirudi na swali lake, mwambie mimea hiyo inakula hewa ile ile ambayo yeye na samaki wake wanaitoa wakipumua.