Hapana, Usikimbie Mtihani Kila Siku

Swali limekuja tena, maneno ni yaleyale, aliyebadilika ni muulizaji tu: "Kocha, kila siku naikimbia ile kilomita 2.4 ya mtihani wa jeshi kwa nguvu zote na muda haushuki. Niongeze nguvu?"

Usiongeze kitu. Hayo si mazoezi, ndugu yangu, huko ni kujipima. Hakuna aliyepungua unene kwa kupanda kwenye mizani kila asubuhi.

Najua imani hii ilikotoka. Jeshi linasifika kwa jasho na kelele, basi kijana anaona hata maandalizi yasipouma hayahesabiki. Mwili hauna habari na hilo. Mbio za dakika 10 hadi 12, iwe ni hiyo 2.4 au kile kipimo cha dakika 12 cha Kenneth Cooper, daktari wa jeshi la anga la Marekani aliyekitangaza mwaka 1968, zinaendeshwa na oksijeni kwa sehemu kubwa sana. Unahitaji moyo unaosukuma damu nyingi kwa kila pigo, vimishipa vingi ndani ya misuli na mitokondria, yaani vile viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli, za kutosha. Vyote hivyo vinajengwa zaidi kwa kukimbia taratibu, wiki baada ya wiki.

Na hapo kwenye "taratibu" ndipo tunapogombana. Nikilitaja neno hilo watu wanaitikia, kisha wanakwenda kukimbia mwendo wa katikati, wa kuhema. Mwendo huo unakuchosha kiasi kwamba siku ya kasi miguu haina kitu, na wenyewe si kasi. Unapoteza kotekote. Taratibu maana yake unaweza kusema sentensi nzima bila kuikata katikati ili uvute pumzi. Anayelenga dakika 12, yaani dakika 5 kwa kilomita, mara nyingi taratibu yake inaangukia dakika 6 na nusu, 7, au hata zaidi. Kilima kikikukata pumzi, tembea. Ndiyo, tembea! Wazee wa mazoezi ya asubuhi watakupita na watakusalimia kwa huruma. Itikia salamu, endelea.

Kwa anayeanza, mara tatu au nne kwa wiki, dakika 20 hadi 40, zinatosha. Baada ya wiki nne hadi sita ongeza siku moja ya kasi, moja tu: mita 400 mara sita, kila mzunguko kwa kasi ile unayoilenga, na katikati unatembea kama dakika moja na nusu. Kwa dakika 12 hiyo ni dakika 2 kwa mzunguko. Ukimaliza ukajiona bado una mmoja mguuni, umefanya sawasawa. Ukilala chini hoi, umeufanya mtihani tena.

Kuna jambo linalowaponza hasa wale wenye bidii: pumzi inapanda haraka kuliko mifupa. Mapafu yanakwambia twende, mifupa ya miguu bado inajipanga, nayo huhitaji miezi. Mwaka 1855 Breithaupt, daktari wa jeshi la Prussia, alieleza miguu ya askari iliyovimba na kuuma kwa sababu ya kutembea tu; baadaye eksirei zilionyesha kwamba ni mifupa iliyopata ufa. Maumivu yaliyotanda kwenye muundi, punguza mbio. Maumivu ya mahali pamoja unapoweza kupagusa kwa kidole kimoja, acha kabisa na umwone daktari.

Sasa ile kanuni ya kutoongeza muda au umbali wa kukimbia kwa zaidi ya asilimia 10 kila wiki. Makocha tunaitamka kama amri, lakini utafiti wa Groningen, Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2008, uliwakuta wakimbiaji wapya walioongezewa hivyo wakiumia karibu sawa na wenzao waliopandishwa haraka zaidi. Bado naitumia, maana inawafunga breki wenye haraka. Kuiapia, siwezi. Kunyoosha misuli kabla ya mbio nako kulijaribiwa kwa makuruta zaidi ya 1,500 wa Australia, matokeo yakatoka mwaka 2000, na tofauti ya maana kwenye majeraha haikuonekana. Nyoosha ukipenda, ila kupasha mwili joto kwa mwendo mwepesi usikuache.

Siku yenyewe, mzunguko wa kwanza ndio unaowaangusha. Filimbi ikilia kundi zima linatoka kwa dakika 1:40, nawe damu inachemka. Waache waende. Mzunguko wa kwanza wa dakika 2 utauona mwepesi hadi ukasirike. Wa nne hautauona hivyo, na hapo ndipo utakapoanza kuwapita.

Nawe uliyebakiza siku kumi na bado hujaanza: siwezi kukujengea mapafu kwa siku kumi. Kimbia taratibu siku chache, fanya mizunguko mitatu au minne ya kasi yako ya mtihani mara moja ili mguu uizoee, siku mbili za mwisho pumzika. Na tafadhali, usiende kujaribu "mara moja tu kwa nguvu zote" mkesha wa mtihani.