Je, wajua kwa nini ukiacha ugali mizani hushuka haraka, kisha hukwama?

Ukikuta watu wanazungumzia kupunguza mwili mjini Kigoma, iwe sokoni Mwanga, saluni au kwenye foleni ya zahanati, ushauri wa kwanza utakaousikia ni huu: acha ugali. Anayeutoa mara nyingi ana ushahidi wake. Aliacha ugali wa muhogo, wali na ndizi za kupika, akala samaki na mboga za majani tu, na wiki haikuisha kabla mizani haijashuka kilo 2 au 3. Namba hiyo ni ya kweli kabisa. Lakini kilichoondoka, kwa sehemu kubwa, si mafuta. Ni maji.

Hesabu yenyewe inakataa kwamba ni mafuta. Kilo 1 ya mafuta ya mwili imebeba takriban kilokalori 7,700 (kilokalori ni kipimo cha nishati). Ili zipotee kilo 3 za mafuta ndani ya wiki moja, mwili unatakiwa upungukiwe kilokalori 23,100, yaani 3,300 kila siku. Watu wazima wengi hutumia kati ya 2,000 na 2,500 kwa siku, kazi na usingizi vikijumlishwa. Kwa hiyo hata mtu angefunga kula kabisa siku zote saba akawa anakunywa maji matupu, asingefika kwenye kilo 3 za mafuta. Wakati huyu wa kwetu alikuwa anakula migebuka ya kuchoma mchana na usiku!

Maelezo yako kwenye ini na misuli. Wanga wa ugali, wali au viazi humeng'enywa tumboni ukawa sukari ya glukosi na kuingia kwenye damu. Sehemu hutumika papo hapo, na sehemu huunganishwa upya kuwa glaikojeni, akiba ya wanga ambayo mwanasayansi Mfaransa Claude Bernard aliigundua kwenye ini katika miaka ya 1850. Mtu mzima aliyekula vizuri huwa na glaikojeni ya takriban gramu 100 kwenye ini na 400 hivi kwenye misuli. Jumla ni nusu kilo tu. Ila glaikojeni haikai kavu: kila gramu 1 huwekwa pamoja na takriban gramu 3 za maji. Nusu kilo ya akiba, pamoja na kilo moja na nusu ya maji yake, ni kilo 2. Mtu akiacha wanga, mwili huichota sehemu kubwa ya akiba hiyo ndani ya siku chache, na maji yaliyokuwa yameshikwa nayo hutoka kwa njia ya mkojo.

Anayeweza kulielewa jambo hili bila shida ni mtu aliyewahi kuanika dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma. Dagaa wakishushwa kutoka ziwani, karibu robo tatu ya uzito wao ni maji. Wakitandazwa kwenye vichanja na jua likawaka vizuri, mzigo uliobebwa na watu wawili asubuhi unabebwa na mtu mmoja jioni. Mzani unaonyesha uzito umeanguka sana. Lakini ukihesabu dagaa mmoja mmoja, hakuna aliyepungua, na mafuta yaliyokuwa ndani yao bado yamo. Mfanyabiashara hawezi kuona mzani huo akadhani ameibiwa. Sasa mvua iwanyeshee kabla hawajaanuliwa: mzigo unakuwa mzito tena, na bado idadi ya dagaa ni ileile. Siku za kwanza bila ugali ndizo siku za kuanikwa. Sahani ya kwanza ya ugali baada ya hapo ndiyo mvua.

Hapa ndipo watu wengi huumia bure. Mtu ameshuka kilo 3, amekwenda msibani au harusini akala ugali au pilau, kesho yake anapanda kwenye mizani na kukuta kilo moja na nusu imerudi. Anahitimisha kwamba mwili wake "haupatani na wanga", kwamba sahani moja imemharibia kazi ya wiki nzima. Haiwezekani. Kilo moja na nusu ya mafuta ni zaidi ya kilokalori 11,000, na hakuna sahani ya pilau yenye nishati hiyo. Akiba imejazwa upya na maji yake yamerudi nayo, basi. Kadhalika yule ambaye mizani yake ilishuka haraka wiki ya kwanza na sasa inashuka nusu kilo kwa wiki, au haishuki kabisa kwa siku kadhaa, hajakwama kama anavyodhani. Maji ya akiba yamekwisha kutoka, na kinachoonekana sasa ndiyo kasi halisi ya mafuta kuondoka.

Chumvi nayo imo kwenye habari hii. Wanga ukipungua, insulini, homoni inayodhibiti sukari kwenye damu, hushuka, na insulini ikishuka figo huruhusu chumvi nyingi zaidi kutoka, nayo chumvi huvuta maji. Ndiyo maana anayeacha wanga ghafla huenda haja ndogo mara nyingi, na wengine hupata kizunguzungu au kuumwa kichwa siku za mwanzo. Niongeze pia kwamba ule uwiano wa gramu 3 za maji kwa gramu 1 ya glaikojeni haukai mahali pamoja. Vipimo tofauti vimetoa namba tofauti, kutegemea mtu alikunywa maji kiasi gani. Kwa hiyo mmoja hupoteza kilo moja tu, mwingine zaidi ya mbili, bila yeyote kati yao kuwa amefanya vizuri kuliko mwenzake.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote katika habari za glaikojeni ni la mwaka 1966. Watafiti wawili wa Sweden, Jonas Bergström na Eric Hultman, walijifanyia jaribio wao wenyewe. Walikaa pande mbili za baiskeli moja ya mazoezi, kila mmoja akikanyaga pedali kwa mguu mmoja hadi mguu huo ukaishiwa nguvu, huku mguu wake wa pili ukipumzika. Kisha wakachomoa kwa sindano vipande vidogo vya msuli kutoka miguu yote miwili, wakala chakula chenye wanga mwingi kwa siku tatu, na wakaendelea kuchomoa na kupima. Mguu uliofanya kazi ulikuwa umemaliza akiba yake. Baada ya kula, ulijijaza hadi takriban mara mbili ya ule uliopumzika. Mtu ni yuleyule, damu ni ileile, chakula ni kilekile, lakini miguu miwili imekipokea tofauti kabisa! Walikuwa watu wawili tu, na jaribio la watu wawili halitoshi kuwekea sheria, lakini tafiti nyingi za baadaye zimethibitisha jambo la msingi: msuli uliofanya kazi huuvuta wanga na kuuweka akiba. Kwa hiyo ugali wa mvuvi aliyevuta nyavu usiku kucha na ugali wa ukubwa uleule kwa mtu aliyekaa dukani kutwa hauendi mahali pamoja.

Wapo watakaokubali yote haya kisha wakasema: sawa, lakini wanga hupandisha insulini, na insulini huyafungia mafuta yasitoke, kwa hiyo asiyeacha wanga hapungui. Nusu ya kwanza ni sahihi. Nusu ya pili ilipimwa. Mwaka 2015 Kevin Hall na wenzake wa taasisi za taifa za afya za Marekani walichapisha matokeo ya watu 19 wanene waliowalaza wodini ili kila tonge lao lijulikane. Kila mmoja alipunguziwa nishati kwa asilimia 30 kwa siku sita, mara moja kwa kukata wanga na mara nyingine kwa kukata mafuta. Walipokatiwa wanga, insulini ilishuka na mizani ikashuka zaidi. Walipokatiwa mafuta, insulini haikubadilika kwa maana yoyote, lakini mafuta ya mwili yaliyopotea yalikuwa mengi zaidi: takriban gramu 89 kwa siku, dhidi ya 53. Yaani mizani iliupa ushindi mlo mmoja, na mafuta ya mwili yakaupa mwingine. Siku sita ni chache, na tofauti hiyo haimaanishi kwamba kukata mafuta ndiyo dawa. Inachoonyesha ni kwamba mafuta ya mwili yanaweza kupungua wakati mtu anaendelea kula wanga.

Kwa muda mrefu tofauti karibu inatoweka. Chuo Kikuu cha Stanford, chini ya Christopher Gardner, kilichapisha mwaka 2018 utafiti wa watu 609 waliofuatiliwa kwa miezi 12. Nusu walipunguza mafuta, nusu walipunguza wanga, na pande zote mbili ziliambiwa zile mboga kwa wingi na ziache sukari na unga uliokobolewa. Waliopunguza mafuta walipoteza wastani wa kilo 5.3, waliopunguza wanga kilo 6.0, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Ndani ya kila kundi, hata hivyo, wapo waliopungua sana na wapo walioongezeka.

Hii haina maana kwamba ugali hauwezi kunenepesha. Gramu 200 za unga, uwe wa muhogo au wa mahindi, ni takriban kilokalori 700 kabla hujaweka mboga, na sahani kubwa ya ugali hufika hapo bila taabu. Ni kweli kwamba wanga wenyewe hubadilishwa kuwa mafuta kwa kiasi kidogo tu katika ulaji wa kawaida. Lakini wanga ukizidi, mwili huutumia huo kwanza na kuyaweka akiba mafuta uliyokula siku hiyo. Aliyeacha ugali wa kilokalori 700 kila mlo na asijazie kwa kitu kingine atapungua kweli, kwa sababu amekula kidogo.

Ndiyo maana naona tunamwonea ugali tunapoacha kuitazama bakuli ya pembeni. Kigoma ni mkoa wa mawese. Kijiko kimoja cha chakula cha mawese ni takriban kilokalori 120, kwa kuwa gramu 1 ya mafuta yoyote ina kilokalori 9 wakati gramu 1 ya wanga ina 4. Mawese mekundu yana kiini ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A na sishauri mtu ayaache. Lakini kisamvu kilichomiminiwa vijiko vinne kimeongeza karibu kilokalori 500 kwenye sufuria, na anayekula atalalamikia tonge.

Kazi ya wanga katika kupungua ni kumshibisha mtu ili aweze kuendelea na mpango wake, na hapo aina za wanga zinatofautiana sana. Mwaka 1995 Susanne Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney waliwalisha watu vyakula 38, kila kimoja kwa nishati sawa, wakapima shibe kwa saa mbili. Kilichoshibisha kuliko vyote hakikuwa nyama wala samaki. Kilikuwa viazi mviringo vya kuchemsha, zaidi ya mara tatu ya mkate mweupe. Makundi yalikuwa madogo na ugali haukuwemo, kwa hiyo tusiuhamishie sifa hiyo moja kwa moja. Ila kiazi hichohicho kikikaangwa kuwa chipsi, nishati yake kwa kila gramu 100 hupanda kutoka kilokalori 90 hivi hadi kama 300.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2023, linashauri wanga utoke zaidi kwenye nafaka zisizokobolewa, mboga, matunda na jamii ya kunde, pamoja na angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kwa mtu mzima. Mwongozo wa taifa wa Tanzania wa mwaka huohuo nao umeliacha kundi la nafaka, mizizi na ndizi mahali pake. Kwa sahani ya Kigoma hilo halihitaji kununua kitu kigeni. Muhogo una protini kidogo mno, kwa hiyo ugali wake unataka maharage, dagaa au mgebuka pembeni. Punguza tonge, ongeza maharage na matembele, na kama ni wa mahindi chagua dona badala ya sembe. Soda, chai ya sukari nyingi na maandazi ya asubuhi ndiyo wanga wa kwanza kuondoa, kwa sababu huingiza nishati nyingi bila kushibisha.

Na unapopima, pima siku ileile ya wiki, asubuhi, kabla ya kula na baada ya kwenda haja, kisha ulinganishe mwezi na mwezi. Kamba iliyozungushwa kiunoni itakuambia mengi kuhusu mafuta ambayo mizani haiyaoni.

Mtu mwenye kisukari ni suala jingine. Kupunguza wanga kunaweza kumsaidia kuishusha sukari, lakini kama anachoma insulini au anameza vidonge vya kushusha sukari vya glibenklamaidi, kuacha ugali ghafla kwa dozi ileile kunaweza kuishusha sukari hadi akaanguka. Huyo aende kwanza kliniki, dozi ipangwe upya kabla ya kubadilisha chakula. Mjamzito na anayenyonyesha nao wasianze kuacha wanga bila kuzungumza na mhudumu wa afya.