Agosti hakuna pafini, na mengine ninayoulizwa kila mwaka kuhusu ndege wa pwani ya Uskoti

Kila mwaka shule za Uingereza zikikaribia kufungwa, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: "Kaka, tunakuja Uskoti na watoto wiki ya pili ya Agosti. Tupeleke tukaone pafini." Pafini (puffin) ni yule ndege mdogo wa baharini mwenye mdomo wa rangi. Nimewajibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Sasa naandika mara moja, na anayetaka amtumie mwenzake.

Agosti hakuna pafini. Hawajajificha, wala si kwamba mwenye boti hajui kazi yake. Wameshaondoka.

Watu wanadhani pafini ni mkazi wa kisiwani, kwamba ukifika tu utamkuta nyumbani. Huyu ni ndege wa bahari kuu. Nchi kavu hupanda kwa shughuli moja tu, kuzaa, na ikiisha hana cha kungojea. Kwenye Isle of May, kisiwa kilicho kwenye mlango wa ghuba ya Firth of Forth, mashariki mwa Uskoti, huanza kurejea mwishoni mwa Machi na Aprili. Jike hutaga yai moja tu kwa mwaka, ndani ya shimo kwenye udongo. Wazazi huliatamia kwa siku kama 40, kisha humlisha kinda visamaki vyembamba kwa wiki sita hivi. Siku ikifika kinda hutoka shimoni peke yake, usiku, na kushika njia ya baharini bila baba wala mama. Piga hesabu mwenyewe: kufikia mwisho wa Julai wengi wao hawapo, na Agosti ikianza kinachobaki kisiwani ni majani na mashimo matupu. Baada ya hapo hubaki baharini majira yote ya baridi, wakapukutisha yale magamba ya rangi kwenye mdomo, na uso ukageuka kijivu. Hata ukikutana naye Desemba huenda usimtambue.

Chanzo cha mkanganyiko nakijua. Maduka ya North Berwick na Anstruther, miji ya pwani zinakoondokea boti, yanauza pafini wa kitambaa mpaka Krismasi. Tena kalenda za shule hazilingani: watoto wa Uskoti hufunga mwishoni mwa Juni, wa Uingereza hufunga Julai ikiwa imekwisha kuyoyoma. Familia inayotoka Leicester au Reading inaukuta msimu mkiani. Halafu kuna picha za mitandaoni. Bwana mmoja alibishana nami kwa sababu ameona picha ya pafini iliyowekwa tarehe 14 Agosti. Bwana, hiyo ni tarehe ya kuiweka, si ya kuipiga.

Kwa hiyo mnaoishi Uingereza, nawasihi: tumieni ile likizo ya wiki moja ya mwisho wa Mei. Hakuna wiki inayoishinda. Mayai au makinda yako mashimoni, wazazi wanasimama nje wakipunga upepo, magenge ya miamba yamejaa, na jua halizami mpaka saa tatu na nusu usiku. Mkiweza Juni au mwanzo wa Julai, mtawaona wakirudi na visamaki vimening'inia mdomoni. Ikiwa shule zimewabana kabisa, panda boti siku zilezile za kwanza baada ya kufungwa, na msiwaahidi watoto kitu. Mkishafika, msitoke kwenye njia iliyowekwa: ardhi ile iko tupu chini, na mguu wa mtu mzima unatosha kuliporomosha shimo juu ya kinda.

Na tafadhali, pafini si pengwini. Ana uzito wa gramu 400 hivi na urefu usiofika sentimita 30. Kila safari kuna mtu anayeninong'oneza, "Mbona wadogo hivi?"

"Basi tukikosa pafini, tuonyeshe gilemoti." Wale ndege weusi kwa weupe wa gengeni nao huondoka Julai. Genge la Fowlsheugh karibu na Stonehaven, ambalo Juni huwezi kusikilizana na mwenzako kwa kelele, Agosti limenyamaza.

Haina maana Agosti msije. Njooni, ila muombe ndege wa Agosti. Wa kwanza ni ganeti, ndege mkubwa mweupe wa baharini. Bass Rock, lile jabali linaloonekana wazi kutoka ufukwe wa North Berwick, ni mojawapo ya mahali penye ganeti wengi zaidi duniani, na wengi wao hukaa mpaka Septemba imekwisha. Mwaka 2014 zilihesabiwa jozi zaidi ya 75,000. Mafua ya ndege yaliyoingia mwaka 2022 yakawafyeka, na mwaka uliofuata hesabu ikashuka hadi karibu 52,000. Boti ikisogea, elekeza darubini machoni mwao. Ganeti wa kawaida ana jicho la buluu iliyofifia, lakini utawaona wengine wana jicho jeusi tii: hao waliugua wakapona. Watoto huacha simu wenyewe wakianza kutafuta macho meusi. Na ganeti akijitupa baharini kwa kasi ya karibu kilomita 100 kwa saa, hakuna haja ya maelezo yangu.

Kuna wanaoamini kwamba ndege ni lazima uamke alfajiri. Msituni, sawa. Pwani saa haina maana, kinachotawala ni maji kujaa na kupwa, jambo ambalo mtu wa Lamu au Unguja hahitaji kufundishwa. Maji yakipwa, ndege wa matope hutawanyika mbali hata darubini haiwafikii. Yakijaa hubanwa na kusogea mpaka karibu na miguu yako. Tazama jedwali la maji, fika muda wa saa mbili kabla hayajajaa kabisa, na kama ni bamvua ndiyo bora zaidi kuliko maji mafu. Yakijaa saa nane mchana, watoto walale, wale, mwende. Mahali ninapopapenda ni ukuta wa bahari wa Musselburgh, nje kidogo ya Edinburgh: hakuna kiingilio, na kigari cha mtoto kinapita. Agosti utawakuta sululu, na vile vindege vifupi vinavyopindua mawe na mwani kutafuta chakula, vingine bado vina manyoya mekundu ya kuzalia. Aina hizohizo zinateremka pia Mida, karibu na Watamu, ingawa hao wa Kenya hutoka upande mwingine wa dunia.

Darubini ya pauni elfu hamhitaji. Nunua ya kukuza mara nane. Zile zinazojigamba mara 20 hutikisika mkononi, usione ndege wala bahari. Mtoto mfundishe kumkazia ndege macho kwanza, kisha apandishe darubini bila kuangalia chini.

Kelele za watoto hazifukuzi ndege wa gengeni. Wao wenyewe wana kelele kuliko watoto wako.

Tiketi ya boti si ahadi. Mawimbi yakiwa makubwa nahodha hafungi kisiwani, hata kama jua linawaka. Panga safari ya kisiwani siku ya kwanza au ya pili ya likizo, mkikosa mpate nafasi nyingine. Wanaoiweka siku ya mwisho ndio wanaonipigia simu kwa hasira.

Visubi mnavyotishwa navyo ni vya pwani ya magharibi, jioni tulivu. Upepo kidogo tu haviruki.

Na si kweli kwamba ndege hawagusi watu. Juni kule Isle of May buabua hutaga karibu na gati, na ukipita hukudonoa kichwani mpaka utoke damu. Hulenga kilele, kwa hiyo kila mtu avae kofia, na mrefu kuliko wote atangulie akiwa ameinua fimbo juu ya kichwa.