Nahodha Hana Ruhusa ya Kupita Tu

Vijana wanaojiandaa kupanda meli hapa Mombasa huniuliza: mzigo una tarehe yake, mafuta ni ghali, mwenye meli anapiga simu kila saa. Kweli nigeuze meli kwa ajili ya mashua iliyo hatarini nisiyoijua?

Geuza. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, katika kanuni ya 33 ya sura ya tano, unamtaka nahodha aliye na uwezo wa kusaidia aende mbio kwa walio hatarini, habari iwe imetoka kwa yeyote yule. Hauulizi uraia wao wala walifuata nini baharini. Mwenye meli naye hana ruhusa ya kumzuia nahodha katika uamuzi wa kuokoa maisha.

Ila upo mlango. Nahodha akiona hawezi, au hakuna haja ya kwenda, anaweza asiende, mradi aandike sababu kwenye logi, yaani kitabu cha kumbukumbu za meli. Kwangu mimi, uzito wote wa jambo hili uko kwenye mstari huo mmoja. Moto katika chumba chako cha injini ni sababu. Kuchelewa kuingia Kilindini si sababu, na anayeiandika anajua hivyo kalamu ikiwa bado mkononi.

Kufika pia si kuokoa. Upepo wa kusi ukichachamaa, meli kubwa hukaa joshini, upande unakotoka upepo, ubavu wake ukinge upepo na mawimbi, mashua ibaki demani, upande uliokingwa, penye maji yaliyopoa kidogo. Hapo ndipo hatari inapoanza, kwa sababu meli isiyo na mzigo husukumwa na upepo haraka na inaweza kuilalia mashua ileile. Ngazi na nyavu ziwe zimeshushwa mapema, na rafadha, yale mapanga yanayosukuma meli, isizunguke watu wakiwa karibu.

Kituo cha kanda cha kuratibu uokoaji kipo hapahapa Mombasa tangu 2006, kwa hiyo nahodha haachwi peke yake. Kinachoniuma ni yanayofuata. Mwaka 2020 meli ya Maersk Etienne iliokoa watu 27 katika Mediterania, ikazuiwa kuwateremsha kwa zaidi ya mwezi mzima. Serikali zilikwisha kukubaliana kushirikiana ili waliookolewa washushwe upesi. Kumwadhibu aliyetimiza wajibu ni kumfundisha wa nyuma yake afumbe macho.

Na macho ndiyo yanayookoa mvuvi wa kwetu, maana ngalawa nyingi hazina redio ya kuita kwenye chaneli 16, ile ya kuombea msaada baharini. Mtu akinyoosha mikono yote miwili pembeni, akaipandisha na kuishusha polepole, tena na tena, hakusalimu. Hiyo ni ishara ya hatari inayotambuliwa kimataifa. Kijana uliye zamu, chukua darubini uhakikishe, kisha mwite nahodha, hata kama ndiyo kwanza amelala.