Muhogo mchungu: maswali tunayoulizwa kila msimu wa njaa

Ni kweli muhogo una sumu?
Ni kweli. Mizizi na majani yake yana kemikali iitwayo linamarini. Muhogo ukikatwa au ukipondwa, kimeng'enya kilichomo ndani yake huivunja kemikali hiyo, na mwishowe hutoka sayanidi, sumu inayozuia mwili kutumia oksijeni. Muhogo mtamu huwa na chini ya miligramu 50 za sayanidi kwa kila kilo ya mzizi mbichi. Mchungu hupita hapo, mara nyingine kwa mbali. Ukame huongeza sumu hata katika ule mtamu, kwa hiyo usiutegemee ulimi peke yake.

Lakini moto si humaliza sumu?
Haumalizi. Tunalirudia hili kila mara na bado wagonjwa wanaletwa: moto haumalizi sumu ya muhogo mchungu. Joto huua kile kimeng'enya, lakini linamarini yenyewe hustahimili joto. Ukitumbukiza muhogo mzima kwenye maji yanayochemka, umeua kilichokuwa kiitoe sumu, na sumu umeiacha ndani. Mwezi Septemba 2017, huko Kasese, Uganda, watu 98 waliugua na 2 wakafa. Walikuwa wamekula unga wa muhogo uliopikwa, si muhogo mbichi. Unga huo ulipopimwa ulikuwa na wastani wa miligramu 88 kwa kilo, ilhali kiwango cha kimataifa ni 10.

Muhogo mtamu umenye, uondoe na lile ganda nene la ndani, ukate vipande vidogo, uchemshe kwa maji mengi, kisha umwage maji hayo. Mchungu usiuchemshe ukaula. Utengeneze unga.

Unga huo unatengenezwaje?
Menya, kata, loweka siku 3 hadi 5 mpaka vipande vibonyee kwa kidole. Mwaga maji, ponda, kamua, anika mpaka vikauke kabisa, ndipo upeleke kusaga. Njaa ikibana, watu huruka kuloweka na kuanika moja kwa moja. Hapo ndipo shida inapoanzia, maana kipande kikikauka upesi kimeng'enya husimama kabla ya kumaliza kazi.

Kama umenunua unga sokoni na hujui ulivyotengenezwa, uloweshe kwa maji, utandaze safu isiyozidi sentimita 1 juani kwa saa 2, au kivulini kwa saa 5, kisha uusonge siku hiyo hiyo.

Mtu amekula muhogo na anatapika. Nimpe maziwa kwanza?
Hapana. Maziwa si dawa ya sayanidi. Mpeleke hospitali.

Tungoje kidogo tuone kama atatulia?
Msingoje. Dalili huja ndani ya saa chache: kizunguzungu, kichwa kuuma, kutapika, kuhema haraka, kulegea, kisha degedege. Wengine husema ni malaria, wakatafuta panadol, na mtoto anazidi kulegea. Mtoto ana mwili mdogo, sumu humlemea upesi kuliko mtu mzima.

Na akishatapika yote?
Mpeleke hata hivyo. Iliyokwisha kuingia kwenye damu haitoki kwa kutapika. Aliyelegea mlaze ubavu, usimpe chochote mdomoni. Ukifika, mwambie mhudumu mara moja kwamba alikula muhogo, na saa ngapi, ili oksijeni na dawa zianze mapema. Waliokula chungu kimoja naye waje pia, hata kama wanajiona wazima.

Mbona mnasisitiza muhogo uliwe na omena na maharagwe?
Mwili huipunguza sayanidi makali kidogo kidogo kwa kutumia salfa inayotoka kwenye protini. Muhogo wenyewe una takriban gramu 1 tu ya protini kwa gramu 100. Anayekula ugali wa muhogo mchungu wiki baada ya wiki, bila omena, maharagwe wala mayai, anaweza kupata konzo: miguu yote miwili hukakamaa ghafla na haiponi. Ugonjwa huo ulizuka Tarime, Tanzania, mwaka 1985, wakati wa ukame, ng'ambo tu ya mpaka kutoka Migori, Kenya.