Mwamba wa Michamvi kwenye chungu cha Iringa

Mteja mmoja alifika karakanani kwangu hapa Iringa, akapapasa ubavu wa chungu na kuniuliza, "Mikunjo hii umeichonga kwa kisu gani?" Sikutumia kisu. Ni maji, na wazo lenyewe nilitoka nalo pwani.

Nilikuwa Michamvi, Unguja, maji yamekupwa. Miamba ya pale ni matumbawe ya kale, yaliyoota wakati bahari ilikuwa juu kuliko leo. Sasa yako nchi kavu, na bahari inayala kwa chini. Mawimbi yanagonga, chokaa inayeyuka kidogo kidogo, konokono wa baharini wanakwangua mwani na kuondoka na chembe za jiwe. Mwamba umebonyea kiunoni, kichwa kimetokeza kama uyoga, na ngozi yake imejaa vishimo na ncha za kukata mguu. Nilikaa nikipitisha vidole humo mpaka maji yakaanza kujaa. Umbo lote lile limepatikana kwa kupunguzwa! Sisi wafinyanzi kazi yetu ni kuongeza, pindi la udongo juu ya pindi, na mapambo tunayabandika mwishoni. Nilitaka kufinyanga kwa kupunguza.

Nilianza vibaya. Nilirudi na vipande viwili vya jiwe lile, nikavitwanga na kuvichanganya na udongo, maana nilitamani bahari iwemo ndani ya chungu. Vyungu vikatoka tanurini vizuri kabisa. Siku ya tatu nikasikia mlio mdogo rafuni, kigamba kimeruka, na chini yake pana nukta nyeupe. Halafu kingine. Matumbawe ni chokaa, na yakipata moto mkali yanageuka chokaa hai. Ndivyo watu wa pwani walivyopata chokaa ya kujengea tangu kale. Ikinyonya unyevu wa hewa inavimba, na ukuta wa chungu hauna pa kuipisha. Vyungu vyote 11 vikaishia vigae.

Jibu lilikuwa kilomita kama 20 tu kutoka mjini, barabara ya Mbeya. Isimila inajulikana kwa zana za Zama za Mawe, na ni haki yake, lakini mimi huenda kwa ajili ya nguzo. Maji ya zamani yaliweka tabaka za mchanga na udongo, kisha mvua ikazichimba korongo. Palipokuwa pagumu pamebaki pamesimama, nguzo ndefu kupita nyumba. Ni kazi ile ile ya Michamvi, ila kule bahari inakula kwa ubavuni na hapa mvua inateremka, kwa hiyo mifereji imesimama wima.

Basi nikaliacha jiwe, nikachukua kazi ya maji. Chungu kikikauka kabisa, kabla ya kuchomwa, napaka nta ya mshumaa iliyoyeyushwa pale ninapotaka pabaki. Kisha nafuta kwa sponji yenye maji, iliyokamuliwa. Udongo usio na nta unalainika na kuondoka. Wenye nta unabaki umeinuka. Nikizungusha sponji chini ya bega napata kiuno cha Michamvi. Nikiishusha kutoka mdomoni hadi kitakoni, zinatokea nguzo za Isimila. Ukuta uwe mnene kuliko kawaida, na nasuuza sponji kila mara, la sivyo tope linarudi kuziba mifereji. Sifuti zaidi ya mara tatu kwa siku. Ukuta ukilowa mpaka ndani, chungu kinapasuka au kinalala. Nta inaungua yenyewe tanurini.

Ndani napaka glezi, rojo linaloyeyuka tanurini na kuwa ngozi ya kioo, ili chungu kishike maji. Nje sipaki kitu, kwa sababu glezi ikitiririka inajaza vishimo na kazi yote inapotea. Tena udongo wangu una mchanga: maji yakiondoa ulio laini, punje zinabaki zimejitokeza usoni, kavu, zinakwaruza kidogo. Yule mteja vidole vyake vilisimama hapo hapo.