Kwa nini Alexandria hulowa Januari na kukauka Agosti?

Ukifika Alexandria, mji wa bandari kaskazini mwa Misri, katikati ya Januari, huenda ukakuta mawimbi yakiruka ukuta wa Kornishi, barabara ndefu ya ufukweni, na kuwaogesha wapita njia maji ya chumvi. Karibu mvua yote ya mwaka, takriban milimita 200, hunyesha kati ya Oktoba na Machi. Kuanzia Juni hadi Agosti ni nadra kudondoka hata tone, ingawa bahari iko palepale na jua linaichemsha kutwa. Maji yapo, joto lipo. Mvua inazuiwa na nini?

Inazuiwa na hewa inayoshuka. Hewa ikishuka kutoka juu hupata joto na kukauka, na mawingu ya mvua hayapati nafasi ya kukua. Kinachopendeza ni kwamba sehemu ya mshuko huo inahusiana na kusi yetu. Upepo huu wa pwani ya Afrika Mashariki huvuka ikweta, ukapinda kuelekea India ukiwa umebeba mvuke mwingi, na huko mvuke ukageuka mvua za monsuni. Mvuke ukigeuka maji hutoa joto, na joto hilo huipandisha hewa juu sana. Iliyopanda lazima ishuke mahali, na pamoja na upepo wa juu unaotoka magharibi, mfumo huo huishusha hewa juu ya mashariki ya Mediterania. Kwa hiyo mafuriko ya Mumbai na anga kavu ya Alexandria ni mambo ya mfumo mmoja.

Majira ya baridi yakiingia, monsuni hiyo imekwisha. Pepo za magharibi zilizokuwa zikipita juu ya Ulaya husogea kusini, zikija na maeneo ya mgandamizo mdogo wa hewa, yaani vitovu vya dhoruba, ambayo mara nyingi hupata nguvu karibu na kisiwa cha Cyprus. Bahari nayo haipoi haraka: Januari maji bado yana nyuzi joto 17 hivi. Hewa baridi kutoka kaskazini ikipita juu yake hupashwa joto kwa chini, hunywa mvuke na kupanda kwa kishindo, ndipo radi hupiga na mara nyingine mvua ya mawe ikaanguka. Dhoruba ikiingia bara huishiwa upesi. Cairo hupata milimita 25 tu kwa mwaka, au pungufu.

Wavuvi wa Alexandria wamezipa dhoruba hizi majina na kalenda yake. Al-Maknasa, yaani mfagio, hutarajiwa katikati ya Novemba. Qasim mwanzoni mwa Desemba. Al-Ghitas karibu na tarehe 19 Januari, siku Wakristo wa Kikopti wanapoadhimisha ubatizo wa Yesu kwa kula majimbi na miwa. Usiifuate kalenda hiyo kama ratiba ya treni. Inaonyesha msimu ambao dhoruba huwa nyingi, basi, na mwaka mwingine tarehe hupita kukiwa kweupe.

Mgeni hudanganywa zaidi na kipimajoto. Nyuzi 18 mchana zinasikika kama asubuhi ya Arusha, lakini nyumba nyingi zina sakafu ya vigae na hazina mfumo wa kupasha joto, kwa hiyo ndani huwa baridi kuliko nje penye jua. Fulana moja haitoshi. Chukua sweta na koti lisilopitisha upepo. Mwavuli uache, upepo wa Kornishi utaupindua. Wenyeji hujipasha kwa homos esh-sham, dengu zilizochemshwa kwenye mchuzi wa pilipili na ndimu, unaonywewa moto kutoka kwenye glasi.

Dhoruba kwa kawaida hudumu siku chache, kisha jua hurudi. Ngome ya Qaitbay, iliyojengwa karne ya 15 mahali ulipokuwa mnara maarufu wa taa wa kale, iwekee siku hizo. Iko kwenye ncha inayoingia baharini, na siku ya upepo hutaona kitu zaidi ya povu.